Michezo: kabla ya kununua mshipi wa kupanda majabali, ning'inia ndani yake kwanza

Tarehe 17 mwezi wa pili 1934, mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alianguka kutoka kwenye jabali la Marche-les-Dames, karibu na mji wa Namur, na akakufa. Alikuwa amepanda peke yake. Wazee wa mashariki ya Congo wanalijua jina lake: mji wa Kalemie uliitwa Albertville, na mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, iliitwa Parc Albert. Lakini si wengi wanaojua kama mfalme huyo alipenda sana mchezo wa kupanda majabali, na kama mchezo huo ndio uliomuua.

Leo mchezo huo si wa wafalme tena. Uliingia katika michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo, mwaka wa 2021, kisha ukachezwa tena katika Olimpiki ya Paris 2024, kwenye uwanja wa Le Bourget. Katika Ubelgiji, watu wanapanda majabali ya Freyr, kando ya mto Meuse, karibu na Dinant. Wakati wa mvua na baridi, wanapanda ukuta uliojengwa ndani ya sale za michezo, ambazo ziko katika miji mingi mikubwa. Kwa hiyo mtoto wa familia ya Kikongomani inayoishi Brussels ao Liège anaweza kurudi nyumbani siku moja na ombi ambalo wazazi wake hawakulizoea: anunuliwe mshipi wa kupandia. Katika maduka ya huko unaitwa « baudrier ».

Mzazi anaangalia bei, anaangalia rangi, kisha analipa. Hapo ndipo makosa yanaanza. Mshipi mpya unaouzwa katika duka la michezo lenye kuaminika hauwezi kukatika kwa urahisi. Hatari ya kwanza ni nyingine: ni mshipi usiofaa mwili wa yule anayeuvaa.

Kamba peke yake iliumiza watu

Wakati wa mfalme Albert, mshipi wa kukalia ulikuwa haujajulikana. Wapandaji walijifunga kamba yenyewe kiunoni ao kifuani. Mtu akianguka, uzito wote wa mwili ulivutwa na kamba moja nyembamba. Kamba ilipanda mpaka kwenye mbavu, ikakaza kifua, na mtu aliyebaki akining'inia hivyo alikosa pumzi kwa muda mfupi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1970. Wapandaji wa Uingereza walipojitayarisha kupanda upande wa kusini wa mlima Annapurna, katika Nepal, mmoja wao, Don Whillans, alisaidia kutengeneza mshipi wenye kushika kiuno na mapaja pamoja. Kiwanda cha Troll kikautengeneza. Tangu hapo mpandaji anaweza kukaa ndani ya mshipi wake, karibu kama mtu anayekaa kwenye kiti. Mishipi ya leo imebadilika sana, lakini wazo ni lile lile: mapaja yabebe sehemu kubwa ya uzito, na kiuno kisaidie mgongo usimame.

Wazo hilo ndilo linalomwongoza mnunuzi. Kama mtu anasikia uzito wote kiunoni, ao kwenye mbavu, mshipi huo haufanyi kazi yake, hata kama ni wa bei kali.

Kusikia vizuri ni sehemu ya usalama

Watu wengine wanafikiri kama kutafuta mshipi usioumiza ni mambo ya wenye kupenda raha. Si hivyo. Mtu anayeumizwa na mshipi anaulegeza. Ao anaushusha chini ya mifupa ya nyonga ili tumbo lipumue. Mshipi uliolegea ao ulioshuka hivyo unaweza kuteleza juu ya nyonga siku mtu anapoanguka na kichwa kikageuka chini. Na mtu ambaye mapaja yake yanakufa ganzi anaanza kuwaza maumivu, badala ya kumwangalia mwenzake aliye juu.

Kuna jambo lingine ambalo waokoaji wa milimani wanalijua sana. Mtu anayening'inia bila kutikisika, kwa mfano kwa sababu amezimia, damu yake inaweza kubaki miguuni na isirudi vizuri kwenye moyo. Hatari hiyo inaweza kuja kwa dakika chache tu. Mshipi mzuri hauiondoi, na ndiyo maana mtu wa namna hiyo anapaswa kushushwa upesi. Lakini mshipi unaobana vibaya unamchokesha mapema hata mtu aliye mzima, anayeweza kutikisa miguu yake.

Katika mchezo huu, vyuma vimekwisha kupigiliwa ndani ya jabali. Mpandaji wa mbele anapanda na kamba, anaifunga kwenye chuma kimoja, kisha kingine, mpaka juu. Mwenzake anabaki chini na kumshikia kamba. Anayejifunza njia ngumu anaanguka mara nyingi na kuning'inia, apumzike, ajaribu tena. Yule wa chini pia anavutwa na mshipi wake kila mara mwenzake anapoanguka. Kwa hiyo wote wawili wanakaa ndani ya mshipi kwa muda mrefu kuliko vile mtu anayeangalia kwa mbali anavyofikiri.

Jaribio la dakika tano

Mnunuzi anapaswa kuvaa mshipi dukani, akiwa na suruali ya namna ile atakayovaa siku ya kupanda. Mkanda wa kiuno unakaa juu ya mifupa ya nyonga, si chini yake. Ukikwisha kukazwa, mtu ajaribu kuuvuta chini kwa mikono miwili. Ukipita kwenye nyonga, ni mkubwa ao haujakazwa vizuri. Mkanda unapokazwa, sehemu ya santimetre 8 hivi inapaswa kubaki baada ya kifungio. Kama imebaki kipande kidogo tu, mshipi ni mdogo. Kitanzi kikubwa cha mbele kinapaswa kukaa katikati ya mwili, kisivutwe upande mmoja.

Kwenye mapaja, kiganja cha mkono kipite kati ya mguu na mshipi bila kulazimishwa. Mtu akichuchumaa ao akiinua goti mpaka kifuani, kitambaa kisimkate.

Kisha inakuja sehemu ambayo wanunuzi wengi wanaikosa: kuning'inia. Maduka mazuri ya michezo hii yana kamba iliyofungwa juu kwa kazi hiyo. Mtu akae ndani ya mshipi kwa dakika tano, si kwa sekunde kumi. Katika dakika ya kwanza karibu kila mshipi ni mzuri. Katika dakika ya tatu ao ya nne, mwili unaanza kusema ukweli: ukingo unakata nyuma ya paja, ao mkanda unapanda kwenye mbavu, ao mgongo unaelekea nyuma kama mtu anayelala. Moja ya mambo hayo likitokea, wajaribu mshipi wa namna nyingine. Kubadilisha saizi tu mara nyingi hakutoshi.

Unene wa mpira laini ulio ndani unadanganya watu. Mpira mnene kama wa godoro unapendeza mkononi, lakini ukikaliwa unaweza kushindiliwa na kubaki mwembamba. Mishipi mingine ni myembamba tangu mwanzo, lakini nyuzi zake zimetawanywa katika upana wote wa mkanda, na uzito unagawanyika vizuri. Haiwezekani kujua tofauti hiyo kwa macho. Mwili ndio unaoijua.

Kila mwili na mshipi wake

Maduka yanauza mishipi ya wanaume na ya wanawake. Tofauti haiko katika rangi tu. Katika ile ya wanawake, umbali kati ya kiuno na mapaja kwa kawaida ni mrefu zaidi, na kipimo cha mapaja ni kikubwa kulinganisha na cha kiuno. Hata hivyo, mwanaume anaweza kusikia vizuri katika mshipi wa wanawake, na mwanamke katika ule wa wanaume. Mtu asione haya kujaribu yote miwili.

Mtu mwenye mapaja makubwa na kiuno chembamba atafute mshipi ambao vifungio vyake vinakaza ao kulegeza mapaja pia. Huo unafaa vilevile kwa familia ambamo ndugu wawili wanapokezana mshipi mmoja, ao kwa mtu anayevaa nguo nzito wakati wa baridi. Ule ambao mapaja yake hayabadilishwi ni mwepesi zaidi na unatosha ndani ya sale.

Uzito wa mshipi wenyewe unategemea kazi. Wanaoshindana wanataka mwepesi, mingine haifikii grame 300. Anayeanza, ambaye atakaa sana akining'inia na kumshikia mwenzake kamba, hatapoteza kitu akichukua wa grame 400 ao zaidi, kama unamfaa. Mshipi wa kuanzia unapatikana Ulaya kwa euro 50 hivi, na ile ya bei ya juu inapita euro 100.

Watoto wadogo ni jambo la pekee. Nyonga zao hazijakua za kutosha ili kuzuia mkanda, na mtoto akigeuka kichwa chini anaweza kutoka ndani ya mshipi wa kawaida. Wao wanavalishwa mshipi wa mwili mzima, wenye kupita pia mabegani.

Alama, umri na mishipi ya wengine

Ndani ya mkanda, mnunuzi atafute alama ya CE na namba EN 12277, ao alama ya UIAA, shirika la dunia la wapanda milima. Mshipi wa kukalia wa mtu mkubwa unajaribiwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1500 hivi. Mishipi ambayo wakaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wanaiona kwa mafundi wanaopanda antena za simu ina kanuni zake nyingine. Ile ya kazi haikutengenezwa kwa mchezo, na ile ya mchezo haikutengenezwa kwa kazi ya antena.

Viwanda vingi vinasema kama mshipi usipite miaka 10 tangu ulipotengenezwa, hata kama ulikaa sandukuni. Ukitumiwa sana, unazeeka mbele ya hapo. Jua linaukausha. Asidi ya batri, hata mvuke wake tu, inaweza kuharibu nyuzi bila kuacha alama, kwa hiyo mshipi usiwekwe karibu na batri za gari ao za umeme wa jua. Kwa sababu hiyo pia, kununua mshipi uliokwisha kutumiwa na mtu usiyemjua ni kununua historia ambayo hauwezi kuisoma.

Todd Skinner, Mmarekani, alikuwa mmoja wa wapandaji wenye kujulikana sana katika inchi yake. Mwaka wa 2006, alipokuwa akishuka kwa kamba kule Yosemite, katika California, kitanzi cha mbele cha mshipi wake kilikatika, akafa. Kitanzi hicho kilikuwa kimekwisha kuchakaa. Mwenzake alikuwa amekiona na kumwonya, naye alikuwa amekwisha kuagiza mshipi mpya.

Na mshipi mzuri hautoshi kama haukufungwa. Mwaka wa 1989, kule Buoux, katika Ufaransa, Lynn Hill, bingwa wa Marekani, hakumaliza kufunga fundo la kamba kwenye mshipi wake. Alipanda mpaka juu, akajiachilia ili ashushwe, na akaanguka mita 22 hivi. Matawi ya mti yalimpunguzia nguvu ya kuanguka, na akapona.

Ndiyo maana, katika sale zote zenye kuongozwa vizuri, hakuna anayeondoka chini kabla ya wawili hao kukaguana: kifungio cha kiuno, vifungio vya mapaja, fundo, kisha chombo cha kushikia kamba. Kazi hiyo haifikii nusu ya dakika. Mzazi anayempeleka mtoto wake kupanda anaweza kujifunza kuifanya siku ya kwanza, hata kama yeye mwenyewe hatapanda.