Binti Kusomea Desturi za Watu: Je, Kuna Ubaya?

Baadhi ya kina mama hutuuliza: "Mwanetu ataka kusomea anthropolojia ya jamii chuo kikuu. Je, hatafuata mila zisizo zetu?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu.

Elimu hii huchunguza jinsi watu waishivyo: waoanavyo, warithianavyo na wazikanavyo. Mwanafunzi husoma darasani, kisha hutoka kwenda kuwasikiliza watu na kuandika.

Natutwae mfano wa Bungoma. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, kama 2024, Wabukusu huwatahiri vijana wao. Kabla ya siku hiyo, kijana hupita akipiga kengele za mkononi kuwaalika jamaa. Kwa mjomba wake huvishwa nyama shingoni. Mpita njia husikia kelele tu. Aliyesoma huuliza: mbona mjomba? Hapo huiona haki ya ukoo wa mama, jambo ambalo nasi Pwani twalijua vyema. Huko Kitale, makumbusho yaliyoanzishwa na Stoneham mwaka 1926 yanahifadhi vitu vya kale na mifano ya maboma ya jamii za magharibi.

Ama hofu ya dini, kujua si kufuata. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akaandika juu ya itikadi za Wahindi kwa uadilifu mnamo 1030, naye akabaki Mwislamu. Na Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Lipo na jingine. Wabukusu waliandikwa na Mjerumani, Günter Wagner, aliyekaa nao miaka ya 1930. Sisi Waswahili tuliandikwa na Mwingereza, John Middleton, mwaka 1992. Hatuwalaumu. Lakini mgeni mwanamume haingii chumba anamosingwa bibi harusi, wala haketi na wanawake nyumba ya matanga. Binti yetu huingia, huketi, na huambiwa. Asipoandika yeye, mengi ya mama zetu yatakwenda nao kaburini.

Basi, mzazi, kabla ya kukataa, uliza: ataishi wapi? Akitoka kwenda utafitini, atafuatana na nani? Yaliyo siri za nyumba za watu atayasitirije? Na ajue mapema kuwa kazi hupatikana katika makumbusho, afya na mashirika ya maendeleo, ila hazimngoji mlangoni. Majibu yakiridhisha, mpe radhi zako aende.

Wabillahi tawfiq.