Tohara Isitangulie Uchunguzi

Likizo iliyopita kamati ya msikiti wetu iliandaa tohara ya watoto. Tabibu aliyekuwa akiwakagua alimrudisha mmoja bila ya kumtahiri. Baba yake alifadhaika, akaona ni aibu mbele ya majirani. Kumbe mwanawe alikuwa amenusurika.

Mtoto yule alizaliwa na tundu la mkojo upande wa chini wa uume badala ya nchani. Madaktari huiita hali hii haipospadia, na humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 200 hadi 300. Mara nyingi govi hufunika upande wa juu tu, na pengine uume hupinda kuelekea chini. Wapo wazazi wanaosema mtoto amezaliwa ametahiriwa, wakanyamaza. Wengine humwita ngariba amalizie kilichobaki. Yote mawili ni makosa.

Ngozi ya govi ni akiba ya daktari wa upasuaji, kwani aghalabu huitumia kutengenezea njia ya mkojo. Ikishakatwa hairudi, na kazi yake huwa ngumu zaidi. Wakati unaopendekezwa kwa upasuaji huo ni baina ya miezi 6 na 18, ingawa aliyechelewa naye hutibiwa. Iwapo korodani nazo hazijashuka, mtoto aonwe upesi, kwa kuwa huhitaji vipimo zaidi.

Ama kisheria, katika madhehebu ya Imamu Shafi, kutahiri siku ya saba ni jambo la kupendeza. Wajibu wake huja baada ya kubaleghe. Hivyo, kuakhirisha kwa kuepusha madhara si dhambi. Jina litolewe, akika ichinjwe, tohara isubiri. Mara nyingi govi huondoka katika upasuaji wenyewe, na tohara ikawa imetimia.

Kupuuza kuna gharama: mkojo kutawanyika na kuchafua nguo za sala, na ukubwani huenda kukawa na uzito katika ndoa na kupata watoto.

Basi, mzazi mwenzangu, mtazame mwanao kabla ya wembe kumgusa. Ukiona tofauti, mpeleke hospitali, wala usimlaumu mama yake. Maumbile ni ya Mwenyezi Mungu, na kutafuta tiba ni katika kumtegemea Yeye.

Wabillahi tawfiq.