Fahamu: Kiti kitupu kwenye mikutano ya waandishi kina maana gani?

Kiti kitupu ni ishara ya PEN International, chama cha waandishi kilichoanzishwa London mwaka 1921. Jukwaani huachwa kiti kimoja bila mtu, kisha hutajwa jina la mwandishi aliyefungwa au kutoweka, na kesi yake huelezwa.

Dunia iliiona ishara hiyo Oslo, tarehe 10 Desemba 2010. Mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, Liu Xiaobo, alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 11 nchini China, hivyo nishani na cheti chake viliwekwa juu ya kiti.

Kenya nayo ilimfunga mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake “Kenya: Twendapi?” Akiwa gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki.

Kila tarehe 15 Novemba, Siku ya Mwandishi Aliyefungwa, wanachama huziandikia serikali husika wakidai wenzao waachiliwe. Hoja yao husimama juu ya Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, inayolinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari.