Mgongo hautunzi tarehe: kwa nini maumivu ya kiuno cha kazini ni magumu kuthibitisha

Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mguu, hakuna ubishi. Saa inajulikana, mashahidi wapo, eksirei inaonyesha mfupa ulipovunjika. Lakini vipi mpakizi wa ghala aliyebeba magunia miaka minane, halafu asubuhi moja anainama nyumbani kufunga kamba za viatu na hawezi kunyanyuka? Ameumia kazini au nyumbani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atalipwa fidia au la, na ili ulipate inabidi kwanza uelewe mgongo unavyobeba mzigo.

Hesabu ya ndoo

Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ina kilo 20, si ndiyo? Mgongo wako unabeba zaidi ya hapo. Uti wa mgongo sehemu ya kiuno ni egemeo la wenzo, na misuli inayokuzuia usianguke mbele iko kama sentimita 5 tu nyuma ya egemeo hilo. Ukishika ndoo sentimita 50 mbele, yaani mara kumi ya umbali ule, misuli inalazimika kuvuta mara kumi ya uzito wa ndoo: kilo 200. Ongeza ndoo yenyewe, pingili zinabanwa kwa kilo 220, na bado hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako ulichokiinamisha. Isogeze ndoo hadi sentimita 25, mbano unashuka hadi kilo 120. Ndoo ni ile ile.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asinyanyue zaidi ya kilo 23, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa. Shirika la Kazi Duniani lilitaja kilo 55 mwaka 1967 kama kikomo kwa mwanamume mtu mzima. Sasa fikiria gunia la lumbesa, linalopita kilo 100.

Inaumia kimya kimya

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo: katikati ute mzito, pembeni nyuzi ngumu. Diski ya mtu mzima ina mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, karibu haina mishipa ya damu. Hupata chakula kwa kukinyonya taratibu kutoka kwenye mifupa jirani, kwa hiyo hupona polepole mno. Pili, mishipa ya fahamu iko kwenye tabaka la nje tu. Nyuzi za ndani zinaweza kuchanika leo, nyingine mwezi ujao, na usisikie kitu. Siku mpasuko unapofika nje, au ute unapopenya na kubana mshipa unaoshuka mguuni, ndipo unapopiga kelele. Viatu vimemalizia tu kazi iliyoanzwa na magunia.

Picha haitoshi

Eksirei haionyeshi diski. Kipimo cha MRI kinaionyesha, ila diski zilizochakaa huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, hasa umri ukienda. Picha inasema diski imeharibika. Haisemi lini, wala kwa sababu gani. Ndiyo maana ni rahisi mtu kukuambia, "Huo ni umri tu." Kinachobaki kukutetea ni kumbukumbu zako.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Unahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Michango hutoa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako. Tena huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Unachotakiwa kuonyesha ni kuwa umeumia kutokana na kazi. Ukipata ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa pensheni kila mwezi.

Mwajiri akishajua umeumia ana siku 7 za kutoa taarifa, na taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12 haki yako inaweza kupotea. Kwa aliyevunjika mguu, siku ya kuanza kuhesabu iko wazi. Kwa mwenye diski, ni lazima itengenezwe. Kwa hiyo:

- Kiuno kikiuma baada ya kubeba, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unafaa, usiufute.
- Ukifika hospitali mweleze daktari unabeba nini, kilo ngapi, mara ngapi kwa siku, na uombe aandike kwenye faili.
- Mguu ukiishiwa nguvu, ukifa ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, madai yatafuata.

Mbeba mizigo wa sokoni anayejitegemea hana mwajiri wa kumchangia, hivyo mfuko huu haumfikii, na mara nyingi yeye ndiye anayebeba lumbesa. Kwake kinga iliyopo ni ile ya ndoo: mzigo uwe mdogo, na uwe karibu na mwili.