Siku Mbili Rubondo, Ngitili ya Majini

Swali lilinikuta Didia, kwenye kibanda cha chipsi kando ya barabara ya Tinde. Kijana mmoja aliyetoka machimboni Kakola, viatu vingali vyeupe kwa vumbi la karasha, aliniuliza: "Mwalimu, nasikia kuna kisiwa huko Geita hakina disko, hakina bodaboda, hakina hata soko. Sasa mtu akienda, anafanya nini?"

Nikamwambia anakwenda kuangalia ngitili. Akacheka, akadhani namtania.

Ngitili kila Msukuma anaijua. Kipande cha malisho kinafungwa wakati wa mvua, mifugo haikanyagi, nyasi zinasimama mpaka kiangazi kikaze. Hapo ndipo kinafunguliwa, ndama wakianza. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo hapa Shinyanga, na inakadiriwa zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili. Rubondo ni jambo hilohilo, ila limefanywa ziwani. Kisiwa kiko kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, kina urefu wa kilomita zipatazo 28, na sehemu kubwa ni msitu. Kilikuwa pori la akiba mwaka 1965, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Watu waliokuwa wakiishi humo walihamishwa, na ukimya wanaousifia watalii ulianzia hapo.

Wageni wengi hawana habari kwamba hifadhi hii ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu yake ni maji. Katika ghuba zake sangara na sato wanazaliana bila kusumbuliwa na wavu. Ngitili ya Didia hufunguliwa kiangazi. Hii haifunguliwi kamwe. Haina haja, maana samaki hajui mpaka. Akikua anatoka mwenyewe.

Kufika si kazi kubwa siku hizi. Anayepitia Mwanza ana daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025; zamani hapo mtu alimaliza mahindi mawili ya kuchoma akisubiri kivuko. Ukishafika Geita unachagua: upande boti Nkome, safari ndefu kidogo, au uzunguke kwa barabara hadi Kasenda, wilayani Chato, uvuke mara moja. Panga boti na hifadhi kabla hujaondoka nyumbani, na usitegemee kulipa kiingilio kwa noti za mfukoni. Malipo ni ya kielektroniki. Nkome utasikia neno litakalomshangaza mchimbaji: mwalo. Kwetu machimboni mwalo ni pale wanapochenjulia dhahabu. Kwao ni pale samaki wanaposhushwa.

Mchana wa kwanza usijipe kazi. Keti ufukweni, usikilize. Furukombe atalia juu ya mti, kichwa cheupe kimetupwa nyuma, na mwenzake atamjibu ng'ambo ya ghuba. Fisi maji wakipita, vichwa vitatu vinne vitazuka na kuzama. Mtu wa jenereta na karasha huchukua kama saa nzima kabla masikio hayajakubali, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Asubuhi ya pili ni ya sokwe, na hapa nitakaa kidogo. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Frankfurt la kuhifadhi wanyama, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, lilileta Rubondo sokwe 17 kutoka Ulaya. Wengi walikuwa wamekaa miaka mingi katika bustani za wanyama, wengine kwenye sarakasi, wakila kwa mkono wa mtu. Walifunguliwa milango ya makreti, basi. Hakuna aliyewafundisha tunda lipi linaliwa wala jinsi ya kukunja matawi kuwa kitanda kila jioni, lakini walijifunza, wakazaa, na wajukuu wao ni wanyama wa porini kabisa. Ndiyo maana huenda ukatembea saa nne ukaambulia vitanda vitupu na ukelele wa mbali. Mimi mara ya kwanza sikuona hata unyoya, na bado nasema nenda. Ila ukiwa na mafua, baki kambini: kikohozi chako kinaweza kuua sokwe.

Tembo na twiga nao waliletwa. Faru waliletwa pia, majangili wakawamaliza. Mwenyeji halisi ni nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka kama vidole ili asizame kwenye matope. Akishtuka huingia majini akaacha pua tu juu. Kwa kuwa kisiwani hakuna simba wala chui, nzohe wa Rubondo huthubutu kupanda hadi msituni, jambo ambalo kwingine ni adimu. Kwa sababu hiyohiyo wewe nawe unaruhusiwa kutembea kwa miguu, ukiwa na askari mwenye bunduki, kwa ajili ya tembo na viboko.

Anayependa ndoana ataruhusiwa kuvua sangara kwa kibali, kisha amrudishe majini. Kuogelea, sahau: kuna mamba, na ziwa lina kichocho. Acha nguo nyeusi na za buluu nyumbani, mbung'o wanazifuata.

Kama ratiba yako inaruhusu, nenda siku za giza, mwezi usipoonekana. Usiku toka nje, utazame mbali ziwani. Utaona mstari wa taa upeo mzima, kama mji umejengwa juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa, wanaovua gizani ili dagaa wafuate mwanga. Katikati yao, bila taa kubwa, wamo wenye nyavu za sangara, wametega karibu na mpaka kadiri sheria inavyowaruhusu, wakisubiri samaki watoke.

Yule kijana wa Kakola alinitumia picha ya taa hizo mwezi uliopita. Chini yake aliandika: "Mwalimu, ndama wanalishwa."