Mwinamo, Tangi na Chumvi: Ufungaji wa Hita ya Maji ya Jua katika Nyumba za Dodoma

Kwamba Dodoma ina jua la kutosha kupasha maji ni jambo lisilobishaniwa, na kwa sababu hiyo halielezi mengi. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 22 hadi nyuzi 55 za Selsiasi huhitaji takriban uniti 5.8 za nishati. Kikusanyio bapa chenye eneo la mita 2 za mraba, kikipokea uniti 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku na kunasa nusu yake, hutoa uniti 6. Kaya ya watu watano wanaooga kwa ndoo hutosheka. Hita ya ukubwa huo ikishindwa kazi, sababu hutafutwa kwenye ufungaji na kwenye maji yenyewe.

Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo kikusanyio huelekezwa kaskazini. Kanuni ya kulinganisha mwinamo na latitudo ingetoa nyuzi 6 tu, kipimo kisichofaa katika mfumo usio na pampu, ambamo maji ya moto hupanda tangini kwa wepesi wake na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo hudai mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20. Kipimo hiki kina faida nyingine: mwezi Juni, wakati wa baridi, jua la adhuhuri huelekea kaskazini nyuzi 29 kutoka utosini.

Kitako cha tangi hukaa sentimita 30 au zaidi juu ya ukingo wa juu wa kikusanyio. Vinginevyo usiku mzunguko hugeuka na joto la mchana hupotea angani. Maji ya tangi hilo peke yake yana uzani wa kilo 150, mzigo ambao kenchi nyembamba za paa la bati hazikukusudiwa kuubeba. Stendi iliyoegemezwa juu ya ukuta ni salama zaidi.

Tatizo gumu kuliko yote ni chumvi. Mji hutegemea sana visima vya bonde la Makutupora, na maji ya ardhini hubeba madini yaliyoyeyuka. Yakipashwa, chokaa huganda ndani ya mirija, kama utando unaoonekana ndani ya birika, na mzunguko hudhoofika mwaka hadi mwaka. Mfumo wa mzunguko funge, ambamo majimaji yaleyale huzunguka kati ya kikusanyio na koti la tangi, huikinga mirija hiyo. Bei yake ni kubwa zaidi, na mnunuzi anayelinganisha bei za dukani tu hawezi kuiona sababu.

Mgao wa maji nao huhesabiwa. Hita hulishwa na simtanki iliyoinuliwa juu yake, si na bomba la mtaani moja kwa moja, na bomba la kutolea mvuke hupandishwa kupita kimo cha maji ya simtanki hiyo. Bomba la maji ya moto huwa la shaba au PPR, kwa kuwa PVC ya kawaida hulainika.