Barua pepe iliyofutwa kwa bahati mbaya: Namna ya kuirejesha kutoka katika akiba

Machi 14, 1872, Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akaelekea pwani kwa njia ya misafara. Katika mizigo yake zilikuwamo barua za David Livingstone na daftari lake la kumbukumbu lililofungwa kwa lakiri. Sehemu ya daftari hilo ilikuwa imenakiliwa kutoka katika kurasa alizoandika mwaka 1871 huko Nyangwe, katika Kongo ya leo, juu ya gazeti kuukuu na kwa wino wa mimea.

Kurasa zile zilififia hata zikawa hazisomeki, nakala ikabaki kuwa tegemeo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2011 watafiti waliyafufua maandishi ya awali kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Ikabainika kuwa maelezo ya mauaji ya Nyangwe ya Julai 15, 1871 hayalingani na yale ya daftari: mwandishi aliyabadilisha alipokuwa akinakili.

Fundi wa seva ya barua pepe naye hukabiliwa na maswali hayo hayo: nakala iko wapi, na je, ingali kama ilivyokuwa asili yake?

Katika seva nyingi za Linux, kila barua huwekwa kama faili moja ndani ya folda iitwayo Maildir. Ikifutwa kabisa, faili hutoweka. Lakini ikiwa usiku uliotangulia folda nzima ilifungwa katika kasha moja, tuseme akiba.tgz, barua ingali imo.

Kwanza husimamishwa unakili unaojiendesha wenyewe. Amri ya rsync ikiongezewa sharti la --delete huilazimisha nakala ifanane na asili, hivyo kilichofutwa huku hufutwa na kule. Wengi hupotezea barua hapa, wala si pale walipobonyeza kitufe.

Kisha fundi huchungulia yaliyomo bila kufungua chochote:

tar -tzf akiba.tgz

Baada ya hapo hulifungua kasha kando, kamwe si juu ya barua zilizopo, maana huenda nakala ya jana ikafunika hali ya leo:

mkdir /tmp/rejesho
tar -xzf akiba.tgz -C /tmp/rejesho

Majina ya faili hizo ni misururu ya tarakimu isiyomwambia mtu lolote, kwa hiyo hutafutwa kwa yaliyomo:

grep -rl "anwani ya mtumaji" /tmp/rejesho

Anwani ni bora kuliko neno la ndani ya barua, kwani barua nyingi husafiri zikiwa zimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka. Faili ikipatikana, hunakiliwa kwa amri ya cp hadi folda ya cur ya mwenye barua, na umiliki wake hurekebishwa kwa chown. La sivyo programu ya barua itashindwa kuifungua.

Barua iliyoingia asubuhi na kufutwa kabla ya adhuhuri haimo katika kasha la jana usiku. Hapo hubaki kumwomba aliyeituma aitume tena.